Hasara ya Kitabu ni ya Nani?

Mwaka 1686 chama cha wanasayansi cha London, Royal Society, kilitoa kitabu kikubwa kuhusu samaki. Kiliandikwa kwa Kilatini na Francis Willughby, aliyekuwa kaburini tangu 1672, na rafiki yake John Ray ndiye aliyekikamilisha. Kilikuwa na picha 187 zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba, na picha hizo ndizo zilizokula fedha. Wanachama waliombwa kuchanga sarafu moja ya dhahabu kwa kila picha. Rais wa chama, Samuel Pepys, alitoa pauni 50 peke yake. Zikapigwa nakala 500, zikaletwa, zikakaa. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Isaac Newton na kitabu chake cha hesabu za mwendo wa sayari, kile Principia kinachosifiwa hadi leo. Chama kilikuwa kimekubali kukitoa, ila sanduku lilikuwa tupu. Karani wa chama, Edmond Halley, ndiye aliyetoa fedha zake mwenyewe. Na mshahara wake wa pauni 50 ulipofika wakati wa kulipwa, chama kilimpa nakala 50 za kitabu cha samaki.

Kwetu Mahagi-Port, katika Ituri, mashariki mwa Kongo, habari hii haihitaji mkalimani. Kwenye mwambao wa Ziwa Albert kulipwa kwa samaki si ajabu. Ajabu ni kulipwa kwa samaki wasio na mnunuzi. Samaki wa ziwani akikosa mteja asubuhi hutiwa chumvi akasubiri soko la juu mlimani, lakini wale wa Halley walikuwa wa karatasi. Na kila anayeishi kwa ziwa anajua swali linaloulizwa kabla mtumbwi haujasukumwa majini: nyavu ni za nani, mafuta ya mota kanunua nani, na wakirudi mikono mitupu hasara inamwangukia nani? Hakuna anayedhani kwamba mwenye kuvuta wavu ndiye lazima awe mwenye mtumbwi. Lakini tukija kwenye kitabu, akili ile ile hulala. Tunamsifu mwandishi, tunalaumu ukosefu wa mitambo, tunaulizana kama watu wanasoma, na swali la hasara halimtoki mtu mdomoni. Mimi naona ndilo la kwanza. Vitabu ambavyo sehemu fulani inakuwa navyo, na vile inavyovikosa, hutegemea kuliko kitu kingine chochote ni nani pale aliye tayari kupoteza fedha zake kwa ajili ya kitabu, na anatarajia kurudishiwa na nani.

Lugha yetu yenyewe imechangia kulificha swali hilo. Tunasema mpiga chapa na tunasema mchapishaji, maneno mawili ya mzizi mmoja, na watu wengi huyatumia kama pacha. Kumbe ni kazi mbili zinazoachana kama mvuvi na tajiri wa nyavu. Mpiga chapa hulipwa kwa kazi yake, kitabu kiuzwe kisiuzwe. Mchapishaji ndiye anayenunua karatasi, anayemlipa mpiga chapa na mwandishi, kisha anakaa na marobota akingoja. Waingereza wa karne ya 16 na 17 nao hawakuwa na jina la pekee kwa kazi hii ya pili. Wauza vitabu, wajalidi na wapiga chapa wote waliitwa kwa jina moja, na chama chao, Stationers' Company, kilipata hati ya kifalme mwaka 1557. Lakini kurasa zao za mbele zilisema wazi kilichokuwa kikiendelea: kimepigwa na fulani, kwa ajili ya fulani, nacho kinauzwa dukani kwa huyu wa pili. Yule wa "kwa ajili ya" ndiye mwenye mtumbwi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kitabu cha tamthilia za Shakespeare cha mwaka 1623. Mwishoni kabisa, mahali ambapo wasomaji wengi hawafiki, kinataja kwa gharama za nani kimepigwa: William Jaggard, Edward Blount, John Smethwick na William Aspley. Wanne, si mmoja. Tamthilia 36 katika kitabu kimoja kikubwa zilimaanisha karatasi nyingi, na karatasi nzuri ilitoka ng'ambo, hasa Ufaransa, na ndiyo iliyokuwa sehemu nzito ya gharama. Ililipiwa kabla nakala moja haijauzwa. Tena herufi za risasi zilikuwa chache. Ukurasa ukishapigwa, herufi zilivunjwa zikapangwa ukurasa mwingine, kwa hiyo idadi ya nakala ilibidi ikisiwe mapema. Ukikisia kidogo, umejinyima. Ukikisia sana, umezika mali yako ghalani. Jaggard na Blount walibeba sehemu kubwa ya mzigo. Smethwick na Aspley walikuwa na kitu kingine cha kuleta: haki za baadhi ya tamthilia zilizokuwa zimekwisha andikishwa kwa majina yao katika daftari la chama. Haki hizo zikahesabiwa kama mtaji, sawa na mtu anayeingia ubia kwa mota badala ya fedha taslimu. Wengine walibeba peke yao na wakaona cha moto. Robert Barker, mpiga chapa wa mfalme, alitia mali nyingi sana katika Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611, kitabu ambacho ungedhani hakiwezi kumtupa mtu, akafia gerezani kwa madeni. Mwandishi, kwa upande wake, alipata kidogo lakini hakupoteza. John Milton aliuza utenzi wake mkubwa mwaka 1667 kwa pauni 5, na pauni 5 nyingine toleo la kwanza lilipomalizika.

Turudi kwa Halley, kwa sababu barua yake moja inaonyesha biashara hii kwa karibu kuliko vitabu vingi vya historia. Kazi ya Newton ilipomalizika kupigwa mwaka 1687, Halley alimtumia mwandishi nakala 40 ili azigawe kwa wauza vitabu wa Cambridge. Kilichojalidiwa kwa ngozi alikitaka shilingi 9. Ambacho hakijajalidiwa alikiwekea bei mbili: shilingi 6 ikiwa muuzaji atalipa kadiri anavyouza, shilingi 5 ikiwa atalipa taslimu au baada ya muda mfupi. Kwa lugha ya soko letu, sita ni mali kauli na tano ni fedha mkononi. Ile shilingi moja katikati ndiyo bei ya hasara yenyewe. Anayechukua kwa tano amebeba wasiwasi wa Halley. Anayechukua kwa sita amemwachia Halley wasiwasi wake. Mtaalamu wa nyota aliyetabiri kurudi kwa nyota yenye mkia alikuwa pia mchuuzi mzuri, na nadhani sifa hii ya pili tunamnyima bure.

Waingereza walipata njia mbili za kuipunguza hasara hiyo, na zote mbili zina ndugu zake Afrika Mashariki. Ya kwanza ni ubia wa kudumu. Mwaka 1603 Stationers' Company ilipewa haki ya kutoa peke yake almanaka, zaburi na vitabu vya watoto vya kujifunzia herufi, na wanachama wakanunua hisa katika mfuko huo. Vitabu vya namna hiyo havikosi mnunuzi: kila mwaka unahitaji almanaka mpya na kila mtoto anahitaji alfabeti. Mchapishaji wa Nairobi au Dar es Salaam ataitambua siasa hiyo mara moja, maana kitabu cha shule ndicho kinachomlisha yeye na riwaya zake. Njia ya pili ni kuuza kabla ya kupiga chapa. John Minsheu, aliyetoa kamusi ya lugha 11 mwaka 1617, alitafuta wanunuzi mapema na akayachapa majina yao. Kamusi hiyo ilimtia umaskini hata hivyo, lakini desturi ya kuandikisha wanunuzi ilibaki, na karne iliyofuata ikatoa vitabu vingi ambavyo muuza duka peke yake asingethubutu kuvigusa.

Sasa tuje kwetu. Enzi za ukoloni wa Ubelgiji Mahagi-Port ilikuwa mlango. Mali zilitoka Mombasa kwa reli, zikapita Uganda, zikafika Butiaba, kisha meli za shirika la reli la Kenya na Uganda zikazivusha ziwa hadi upande wa Kongo. Vitabu vilifuata njia ya sabuni na vitambaa. Lakini sabuni na vitambaa vilikuwa na mfanyabiashara anayevitolea fedha. Kitabu kilikuwa na misheni. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Mahagi mwaka 1912, kituo chao cha kwanza Kongo kikiwa Kasengu, na baadaye walikuwa na kiwanda cha chapa Rethy, kule kwenye baridi ya milima. Kusini mwa Ituri, Apolo Kivebulaya alikuwa amefika Boga kutoka Uganda tangu 1896. Pwani hali haikuwa tofauti sana. Sultani Barghash aliingiza mtambo wa chapa Zanzibar na kuanzia miaka ya 1880 ukatoa vitabu vikubwa vya dini na sheria ya Kiibadhi kwa Kiarabu. Na mji ule ule wamisionari wa Kianglikana wa Askofu Steere walikuwa na mtambo wao wa Kiswahili. Mitambo miwili, mji mmoja wa wafanyabiashara hodari, na katika vitabu hivyo mfanyabiashara hakutia hata pesa moja. Hasara ilikuwa ya sultani au ya wafadhili wa Ulaya, na mnunuzi, hata alipokuwapo, hakuwa yeye anayeamua.

Hapo nasikia pingamizi la kwanza, nalo ni la haki: bila misheni tusingekuwa na kitabu chochote, basi lawama ya nini? Si lawama. Mfadhili hufanya jambo ambalo soko haliwezi, na bila yeye lugha nyingi za Ituri zisingeandikwa kabisa. Ninachosema ni kwamba kitabu cha mfadhili hufuata shabaha ya mfadhili, na fedha zake zikikatika hakirudi. Tena misheni zenyewe zilijua tofauti hiyo. Buganda, miaka ya 1890, vitabu vya dini viliuzwa kwa kauri, na watu walivigombania. Biblia ya Kiganda ya mwaka 1896, iliyotafsiriwa na George Pilkington na wenzake wa Kiganda, ilitengenezwa nene na fupi ili iingie ndani ya mkebe wa biskuti, mchwa wasiifikie. Nani huitengenezea Biblia umbo la mkebe? Yule anayejua kwamba msomaji ameinunua na anaogopa kuipoteza. Mkuu wa mawaziri, Apolo Kagwa, alikwenda mbali zaidi: alikuwa na mtambo wake wa chapa Mengo, akatoa historia na mila za Baganda bila kungoja mtu wa Ulaya azione kuwa na faida.

Kongo nayo ina ushahidi wake, mdogo kwa ukubwa lakini mzito. Mwaka 1965, katika mji ulioitwa Elisabethville na leo Lubumbashi, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha kule historia ya mji jinsi ilivyoonwa na waliowahi kuwa maboi wa Wazungu, na akaitoa kwa jina la chama chao. Ilikuwa kazi ya taipureta na mashine ya kunakilia, kurasa chache, bila jalada la fahari. Hakuna misheni iliyoiagiza, serikali haikuitaka, na kampuni ya migodi ingefurahi isiwepo. Wasomi waliitafsiri na kuitoa kama kitabu mwaka 1990, miaka 25 baadaye, na leo hakuna anayeandika historia ya Katanga akaipita. Maboi wastaafu walifanya kile ambacho Pepys na wenzake walijaribu kufanya na samaki: kitabu kilitolewa na wale wenyewe waliotaka kiwepo. Tofauti ni kwamba walikata nguo kwa urefu wa kitambaa chao.

Pingamizi la pili husemwa kila penye kikao cha elimu: watu wetu hawasomi, na wakitaka kusoma hawana fedha. Umaskini upo, na Ituri vita vimeuongeza. Sitaufuta kwa kalamu. Lakini tuangalie yaliyotokea mchapishaji alipodiriki. Mwaka 1980 Heinemann ya Nairobi, chini ya Henry Chakava, ilitoa riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o kwa Kigikuyu, lugha iliyodhaniwa haina soko la riwaya. Nakala 5,000 za kwanza ziliisha ndani ya mwezi mmoja, ikabidi zipigwe nyingine, na nyingine tena kabla mwaka haujaisha. Ilisomwa kwa sauti katika baa na ndani ya matatu, kwa hiyo wasomaji walikuwa wengi kuliko wanunuzi. Hapana shaka jina la Ngũgĩ lilisaidia, na si kila kitabu kina mwandishi aliyetoka kizuizini. Mradi wa vitabu vya watoto wa Tanzania, ulioanza 1991 kwa msaada wa Kanada, ulichukua njia ya tahadhari: mchapishaji akipiga nakala 5,000, mradi ulinunua 3,000 na kuzipeleka shuleni. Ni kuandikisha wanunuzi kwa mtindo wa Minsheu, ila mnunuzi ni mmoja. Njia hiyo iliwaokoa wachapishaji wengi wadogo. Ubaya wake uko katika zile 2,000 zinazobaki. Mwenye kupata gharama zake kutokana na 3,000 hana haraka na 2,000, wala hana sababu ya kujua kama kuna duka Kigoma, sembuse ng'ambo ya ziwa.

Kuna wanaokubali hayo yote kisha wakasema: basi mkimwachia mfanyabiashara atatoa takataka. Thomas Bodley, aliyeanzisha maktaba kuu ya Oxford, alikuwa na mawazo hayo hayo. Mwaka 1612 alimwandikia msimamizi wake kwamba hataki tamthilia na almanaka zijaze rafu zake; kwake zilikuwa mizigo tu. Miaka 11 baadaye wachuuzi wanne walitoa tamthilia za Shakespeare, nusu yake zikiwa hazijawahi kupigwa chapa. Kama wangengoja kibali cha wenye hekima, sijui Macbeth tungeisomea wapi. Tanzania ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa na kina Bodley wake, waliozibeza riwaya za upelelezi. Elvis Musiba alianzisha kampuni yake mwenyewe akatoa vitabu vyake, Ben Mtobwa naye vivyo hivyo, na vijana ambao shule iliwachosha wakajifunza kuumaliza usiku wakisoma Kiswahili. Takataka ilikuwapo, tusidanganyane. Lakini mfadhili naye hutoa takataka, ila yake haionekani, kwa sababu haikupimwa kwa fedha ya mtu yeyote. Hukaa katika maboksi ya ofisi mpaka mvua iipate.

Siku hizi jibu la wengi ni simu: kwa nini tuhangaike na karatasi wakati kitabu kinarushwa kwa WhatsApp bure? Ni kweli gharama ya karatasi imeondoka, nayo ndiyo iliyokuwa sehemu nzito ya mzigo wa kina Barker. Hazikuondoka gharama za kuandika miaka miwili, za mhariri, za mchoraji, na kitabu kinachorushwa bure kimehamishia hasara yote kwa mwandishi, mtu ambaye karne ya 17 ilimpunja lakini angalau ilimlipa zile pauni 5 kabla. Waingereza waliiona hatari ya kunakiliana mapema. Ndiyo maana ya lile daftari la Stationers' Company, na baadaye sheria ya mwaka 1710 iliyompa mwandishi haki ya miaka 14, na 14 mingine kama bado yu hai. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa msemo huo ni sheria ya biashara kamili.

Tuseme basi mtu wa Ituri anataka kutoa kitabu cha Kiswahili kuhusu samaki wa Ziwa Albert, majina yao kwa Kialuri na kwa Kihema, misimu yao, nyavu zinazoruhusiwa na zisizoruhusiwa. Nakala 500, zile zile za London. Kampala kuna mitambo, Bunia kuna wapiga chapa. Tatizo haliko huko. Ushirika wa wavuvi unaweza kuandikisha wanachama wake Kasenyi, Tchomia na Mahagi-Port na kuyachapa majina yao nyuma ya kitabu, na hizo ni nakala 200 zilizokwisha lipwa. Zinazobaki 300 zitakwenda kwenye vibanda vya soko, kando ya betri, vocha na dawa za mbu. Mwenye kibanda ataelezwa bei mbili za Halley, ile ya taslimu na ile ya mali kauli, naye atachagua mali kauli hata ikizidi kwa sehemu ya tano, kwa sababu fedha yake ya leo inasubiriwa na gunia la chumvi. Kwa hiyo mahali fulani kati ya mwandishi na kibanda lazima awepo mtu mwenye fedha zinazoweza kukaa miezi sita bila kurudi. Matajiri wa namna hiyo mwambaoni wapo. Fedha zao sasa hivi ziko majini, ndani ya nyavu.